Mama Kayai na Kiswahili cha Bara: Mwigizaji wa Kike katika Vichekesho vya Televisheni ya Kenya

1. Utangulizi

Historia ya sanaa za maonyesho za Kiswahili kwa kawaida imeandikwa kwa kufuata vitabu. Mtafiti huanza na tamthilia zilizochapishwa, huzipanga kwa miaka, huwataja watunzi wake, kisha hugeukia maudhui na fani. Ebrahim Hussein, katika tasnifu yake ya 1975 juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho katika Afrika ya Mashariki, aliusogeza mbele mpaka huo alipovitazama vichekesho kuwa ni sanaa inayostahili uchunguzi. Lakini hata baada yake, uchunguzi umebaki zaidi kwenye jukwaa. Vichekesho vya televisheni, ambavyo vimetazamwa na watu wengi mno kuliko tamthilia yoyote iliyopata kuchapishwa kwa Kiswahili, vimeachiwa kurasa za burudani katika magazeti.

Aliyepoteza zaidi kwa mtindo huu ni mwigizaji, na hasa mwigizaji wa kike. Mtunzi hubaki katika jina lililo juu ya jalada. Mwigizaji asiye na jalada hubaki katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hufa pamoja na wenyewe.

Makala haya yanachunguza kazi ya mwigizaji mmoja wa namna hiyo, Mary Khavere, anayejulikana Kenya nzima kwa jina la Mama Kayai. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi yake ilikuwa kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya kuchekesha. Yeye na wenzake waliweka mbele ya taifa Kiswahili cha watu wa bara, na katika nyumba ile ya kuigiza yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha ukweli wa maneno. Ili hoja hiyo isibaki hewani, itapimwa kwa mji wa Nakuru, mji wa bara wenye lugha nyingi, ambapo suala la lafudhi si la mzaha peke yake.

2. Televisheni na Kiswahili kabla ya Vitimbi

Televisheni ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ilikitwaa chombo cha utangazaji na kukiita Sauti ya Kenya. Katika miaka hiyo ya mwanzo televisheni ilikuwa chombo cha wachache, yaani wenye umeme, wenye fedha na wenye kujua Kiingereza. Vipindi vingi vilitoka ng'ambo. Redio ndiyo iliyokuwa chombo cha umma, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya redio ya taifa.

Mabadiliko yalikuja polepole, na hayakuletwa na televisheni yenyewe tu. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Tangazo hilo liliwapata wabunge wengi bila ya maandalizi. Wengi wao walikijua Kiswahili cha sokoni na cha mikutano ya siasa, lakini hawakukijua Kiswahili cha miswada. Mwaka 1985 mfumo mpya wa elimu, maarufu kama 8-4-4, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Hivyo basi, katika muda wa miaka kumi na mmoja Kiswahili kilipewa hadhi mbili: hadhi ya Bunge na hadhi ya mtihani. Zote mbili zilikuwa hadhi za Kiswahili sanifu.

Ni katika muda huohuo ambapo vichekesho vya Kiswahili vilishika mizizi katika televisheni. Vioja Mahakamani vilichukua mazingira ya korti, mahali ambapo mwananchi wa kawaida huiogopa lugha kuliko anavyomwogopa hakimu, na kumpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea kwa Kiswahili chake mwenyewe, kiwe kimenyooka au kimepinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na kipindi cha Darubini, na baadaye katika mwongo huohuo kikaja Vitimbi. Kituo kilipobadilishwa jina mwaka 1989 kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, Vitimbi viliendelea. Kituo cha kwanza cha televisheni cha binafsi, KTN, kilipofunguliwa mwaka 1990, Vitimbi viliendelea pia. Vikavuka karne.

Ikumbukwe hapa kwamba jioni hiyohiyo moja, katika chombo hichohicho, mtazamaji alisikia Kiswahili cha aina mbili. Msomaji wa habari alimsomea Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi. Baadaye Mzee Ojwang' na mkewe walimletea Kiswahili kilekile anachokisikia kwa jirani. Walimu wengi walikisifu cha kwanza na kukilaumu cha pili. Lakini mtazamaji alijiona katika hicho cha pili.

3. Mama katika nyumba ya Mzee

Mzee Ojwang' Hatari aliigizwa na Benson Wanjau. Wanjau na Khavere waliigiza pamoja kama mume na mke kwa miaka mingi hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni mume na mke kweli, na wote wawili iliwabidi kulikanusha jambo hilo mara kwa mara. Wanjau alipofariki mwezi Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78, macho ya wengi yalielekea kwa Mama Kayai kana kwamba ndiye mjane.

Majina yenyewe yanastahili kutazamwa. Mzee ni cheo cha umri, na Mama, likifuatwa na jina la mtoto, ni cheo cha uzazi. Katika Kiswahili cha bara, kumwita mwanamke mtu mzima kwa jina lake tupu ni kumkosea heshima. Huitwa kwa mwanawe. Hivyo wahusika hawa wawili waliingia sebuleni mwa kila mtazamaji wakiwa wamekwisha kuvishwa heshima. Kichekesho kilitokana na jinsi kila mmoja alivyokitumia cheo chake. Mzee alikuwa na cheo cha umri lakini mwenendo wake mara nyingi ulikuwa wa kijana mtundu: kutaka fedha bila ya jasho, kuahidi asichoweza kutimiza, kusema jambo moja nyumbani na jingine njiani. Mama alilazimika kuwa mtu mzima kwa niaba ya wote wawili.

Mhusika wa namna hii ni rahisi kudharauliwa na mhakiki. Vituko ni vya mume. Miwani ile na mwendo ule ndivyo vinavyokumbukwa kwanza. Lakini ukichunguza muundo wa mazungumzo utaona kuwa uongo wa mhusika mmoja hauchekeshi mpaka awepo mwingine wa kuusikiliza. Mwongo anayesema peke yake ni mgonjwa. Mwongo anayeulizwa swali moja la utulivu, kisha jingine, mpaka akajifunga kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, ndiye kichekesho. Kazi ya Mama Kayai ilikuwa hiyo ya kuuliza, kunyamaza mahali panapostahili, na kukubali jambo kwa sauti inayoonyesha kwamba halikukubaliwa. Ni kazi inayotegemea wakati. Jibu likitangulia, kicheko hufa, likichelewa, hupoa.

Jambo hili lina uzito wa kihistoria. Katika maigizo mengi ya ucheshi mke hupewa mojawapo ya sehemu mbili: ama mke mkali anayemfukuza mumewe kwa mwiko, ama mke mjinga anayedanganywa kwa urahisi. Mama Kayai aliweza kukasirika na aliweza kudanganywa, lakini hakufungiwa katika sehemu yoyote kati ya hizo. Alikuwa mwanamke mwenye hesabu ya nyumba kichwani. Mtindo huo haukuishia kwake. Katika Papa Shirandula, kichekesho kilichopendwa sana katika kituo cha Citizen katika karne hii, mume aliyeigizwa na Charles Bukeko, aliyefariki mwezi Julai 2020, alimficha mkewe kwamba kazi yake mjini ni ya bawabu. Mke huyo, Wilbroda, aliigizwa na Jacqueline Nyaminde. Msingi wa kichekesho ni uleule: maarifa ya mke ndiyo hatari anayoikimbia mume. Njia ya Wilbroda ilikuwa imekwisha kufyekwa.

4. Lafudhi ya kuvaa

Ojwang' ni jina la Kijaluo. Nyumba ya Vitimbi ilikuwa nyumba ya Kijaluo kwa majina na kwa matamshi. Hata hivyo Wanjau ni jina la Kikuyu, na Khavere ni jina la Kiluhya. Kwa hiyo katika kitovu cha kichekesho hiki kilichodumu palikuwa na watu wawili waliotumia lugha ya pili, yaani Kiswahili, kwa lafudhi ya lugha ya tatu isiyokuwa ya asili yao.

Wanaisimu watautambua ugumu wa jambo hilo. Kijaluo hakina sauti /sh/, /z/ wala /v/. Msemaji wake anapojifunza Kiswahili ukubwani huelekea kuziweka /s/ na /f/ mahali pake. Hapo ndipo jozi za maneno zinapokaribia kugongana: shindano husikika sindano, kazi husikika kasi, na kuvua nguo husikika kufua nguo. Kikuyu nacho kina matatizo yake. Hakitofautishi /l/ na /r/, na kwa hiyo kula na kura huweza kubadilishana nafasi, jambo ambalo Wakenya wamelifanyia mzaha katika kila uchaguzi. Kijaluo, kwa upande wake, hutofautisha /l/ na /r/ bila ya shida.

Mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu, anapotaka kusikika kama Mjaluo katika Kiswahili, hana budi basi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Inampasa azuie alama za lugha yake mwenyewe, kisha avae alama za lugha nyingine, tena kwa uthabiti, kipindi baada ya kipindi. Aliye mbele yake naye inampasa ajibu ndani ya masafa hayohayo ya sauti, la sivyo nyumba itavunjika masikioni mwa mtazamaji. Hii si lugha mbovu. Ni maarifa ya sikio ambayo mtaalamu wa fonetiki hupata kwa miaka ya darasani.

Lawama kwamba vichekesho hivi viliharibu Kiswahili cha watoto wa shule inafaa kupimwa upya kwa mwanga huo. Mtoto haigi lafudhi anayoijua kuwa ni ya mchezo. Anapoicheka, maana yake amekwisha kuijua tofauti iliyopo kati yake na ile aliyofundishwa. Kwa hakika kicheko cha shindano na sindano ni ushahidi kwamba msikilizaji ameshika fonimu mbili za Kiswahili barabara. Asiyezijua hawezi kucheka.

Lakini iko lawama nyingine iliyo nzito zaidi, nayo haiwezi kujibiwa kwa fonetiki peke yake. Ni kwamba kuchekesha kwa lafudhi ni kulidhihaki kabila zima. Hapo ndipo inapofaa kuiacha studio ya Nairobi na kuwatazama watazamaji wenyewe.

5. Nakuru: mji wa lafudhi nyingi

Nakuru ilizaliwa na reli mwanzoni mwa karne ya 20, ikakua kuwa mji mkuu wa mashamba ya walowezi. Watu wake walitoka pande zote. Walikuwepo Wakalenjin wenye asili ya Bonde la Ufa, Wakikuyu walioletwa au waliokuja kutafuta kazi mashambani, Wajaluo na Waluhya wa reli na wa viwandani, Wakisii, Wakamba, Wahindi wa madukani. Mlowezi aliwaamrisha kwa Kisetla, Kiswahili kilichokatwa miguu. Wao kwa wao walikijenga kingine, kilichokuwa na sarufi nyepesi lakini chenye adabu zote za ujirani. Mwezi Desemba 2021 mji huo ulipewa hadhi ya jiji.

Katika mitaa kama Section 58, upande wa mashariki wa mji, ambapo majirani wa makabila mbalimbali hushiriki ua mmoja, lafudhi hujulikana kabla ya jina. Mtu hubisha hodi, na kabla hajaonekana, wenyeji wamekwisha kujua anatoka upande gani wa nchi. Katika siku za amani jambo hilo ni chanzo cha utani. Mjaluo humtania Mkikuyu kwa /l/ na /r/ zake, naye hujibiwa kwa /sh/ yake, na chai hunywewa.

Lakini Bonde la Ufa la kati limezijua siku nyingine. Ghasia za kikabila zilizuka Molo na sehemu za jirani mwaka 1992, na zikarudi Njoro mapema mwaka 1998. Mwezi Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru yenyewe iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima. Katika siku kama hizo mtu aliyesimamishwa njiani hujulikana kwa kitambulisho chake, kwa jina lake na kwa lugha yake. Alama ileile ya sauti inayochekesha jikoni huweza kumwua mtu barabarani.

Ndiyo maana si sawa kulijibu suala la lafudhi kwa wepesi, iwe kwa kulaumu au kwa kusifu. Utani na dhihaka hutumia sauti zilezile. Kinachovitofautisha ni nani anayesema, kwa nani, na kama anayesemwa amepewa nafasi ya kuwa mtu kamili. Kwa kipimo hicho nyumba ya Mama Kayai inastahili hukumu ya upole. Kwanza, wenye nyumba hawakuwa Wajaluo wanaodhihakiwa na wengine kutoka nje. Walikuwa Wakenya wa makabila mengine walioingia ndani ya sauti ya jirani na kukaa humo kwa miaka, wakiila riziki yao humo na kupendwa humo. Pili, waliowazunguka, kina Masaku, Mogaka na Masanduku, nao walikuja na majina na matamshi ya kwao, hata pasiwe na lafudhi moja iliyokuwa ya kuchekwa na nyingine ya kucheka. Tatu, na hili ndilo kubwa, akili ya nyumba iliwekwa katika lafudhi hiyohiyo. Mama Kayai hakuwa msomi wa Kiswahili sanifu anayemsahihisha mume mshamba. Alimshinda kwa hoja, kwa Kiswahili cha bara. Mtazamaji alipata kusikia kwamba busara inaweza kusemwa bila ya /sh/.

Haidaiwi hapa kwamba kichekesho kimoja cha televisheni kingeweza kuzuia mauaji. Hakikuyazuia. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba katika nchi ambapo sauti ya mtu imewahi kuwa hukumu yake, palikuwa na mahali pamoja pa hadhara, kila juma, ambapo sauti hiyohiyo ilikaribishwa ndani ya nyumba. Jambo hilo ni sehemu ya historia ya lugha ya Kiswahili nchini Kenya sawa na tangazo la 1974 au kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kilichokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

6. Kazi isiyo na hati

Kama ni hivyo, kwa nini kazi hii haina nafasi katika mitaala? Jibu la kwanza ni kwamba kwa kiasi kikubwa vichekesho vya aina hii vilitungwa kwa mdomo kuliko kwa kalamu. Waigizaji walipewa kisa, nao wakakijaza mazungumzo. Katika taaluma iliyozoea kuanza na matini iliyochapishwa, kazi ya namna hiyo huonekana kama haipo.

Jibu la pili linahusu umiliki. Huko Marekani, Lucille Ball alianza kuigiza mke katika kichekesho cha televisheni kiitwacho I Love Lucy mwaka 1951. Yeye na mumewe, Desi Arnaz, walikuwa na kampuni yao wenyewe, na walishikilia kwamba kila kipindi kirekodiwe kwa filamu. Kwa sababu hiyo vipindi vyao vilihifadhiwa, vikarudiwa kwa miongo mingi, na vikawa mtaji. Mwigizaji wa Kenya wa miaka ya 1980 alikuwa katika hali nyingine kabisa. Chombo kilikuwa cha serikali, na mwigizaji alilipwa ujira wa kazi, naye kisheria hakuwa mwenye mali katika kile alichokiunda. Ni Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliyoziweka wazi haki za waigizaji juu ya maonyesho yao, na wakati huo Vitimbi vilikuwa vimekwisha kuwa sehemu ya utoto wa kizazi kizima. Wanjau alipopatwa na maradhi ya macho katika uzee wake, ni wananchi waliochangishana ili atibiwe. Mchango huo ulionyesha mapenzi ya umma, lakini ulionyesha pia kwamba miaka yote ile ya kuchekesha taifa haikuwa imejenga akiba.

Jibu la tatu ni la kanda zenyewe. Kanda za video zilikuwa ghali, na hata mashirika tajiri kama BBC yalifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena. Baadhi ya vipindi vya Vitimbi vinaonekana sasa kwenye intaneti, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kipindi kilichowekwa kwenye intaneti bila ya tarehe, bila ya orodha ya waigizaji na bila ya mazungumzo kuandikwa si hifadhi bado. Ni malighafi tu.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kazi ya Mary Khavere katika sura ya Mama Kayai inastahili kuhesabiwa katika historia ya Kiswahili kwa sababu tatu. Aliiweka mbele ya umma sura ya mke ambaye si mkali tu wala mjinga tu. Alishiriki katika ufundi wa lafudhi ambao wanaisimu wangeweza kuusomea. Na aliipa lafudhi ya bara busara, katika nchi ambamo lafudhi imewahi kuwa hatari.

Kazi inayobaki si ya kusifu bali ya kuandika. Vipindi vilivyosalia vyahitaji kukusanywa, kupewa tarehe na kunukuliwa neno kwa neno, pamoja na vituo na vimya vyake. Waigizaji wa kizazi hicho walio hai wahitaji kuhojiwa mapema. Chuo kilicho karibu na watazamaji wenyewe, kama Egerton kule Njoro, kingeweza kuanza kwa kuwauliza wakazi wa Nakuru walichokisikia katika sauti za Vitimbi kabla ya 2008 na baada yake. Benson Wanjau amekwisha kuondoka pamoja na nusu ya mazungumzo. Ingekuwa fedheha kwa taaluma ya Kiswahili kama nusu ya pili, ile ya aliyekuwa akiuliza maswali, ingeondoka bila ya mtu kuja na kalamu kumwuliza yeye.